Nyumba ya Viroba

Siku hizo ukimuuliza Dija hali yake, atakwambia njema. Ukimuuliza habari za kazi, njema. Ukimchokoza kidogo ukamwambia, lakini nyumba yako si ndiyo hii wanaigeuza bwawa la chumvi, atakwambia ndiyo, ndiyo hii, kisha atainama kushika kiroba chake aendelee. Watu wakasema amekuwa na jeuri tangu alipwe fidia. Hakuwa na jeuri yoyote. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na mguu wa namna hiyo hata ukiuchoma sindano haukuambii kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ya chumvi ilichukua eneo lote la kitongoji cha Pembeni, chini ya Mkange kuelekea baharini. Watu wakahamishiwa juu kwenye mwinuko, na nyumba zao za udongo zikasukumwa na greda asubuhi moja tu, wengine hawajamaliza hata kunywa chai. Ardhi ikasawazishwa, ikashindiliwa, yakainuliwa matuta ya kimo cha kiuno, na sasa kila bwawa lilikuwa linatandikwa laina. Laina, kwa asiyeijua, ni plastiki nyeusi nene, pana kama ukumbi wa harusi, inayokuja imeviringishwa kama mkeka, nzito mpaka kijiko chenyewe, ile mashine ya kuchimbia, kinaguna kikiinyanyua. Inatandikwa chini ili maji ya chumvi yasizame ardhini yakaharibu visima vya watu. Kipande kinalazwa kando ya kipande, kingo zinapishana upana wa kiganja, halafu mashine ndogo ya kuchomelea inatambaa juu ya mpishano ule, polepole, na nyuma yake unabaki mshono ambao fundi akijisifu anasema hata jasho halipenyi.

Adui wa laina ni upepo. Ukiingia chini ya kipande ambacho hakijachomelewa, kipande kinapaa na kinaweza kuondoka na mtu. Kwa hiyo wanatakiwa watu wa kujaza mchanga kwenye viroba na kuvipanga juu yake, na kazi hiyo walipewa wanawake wa Pembeni, kwa sababu, alisema bwana mmoja wa ofisini, ni vizuri wenyeji nao wafaidike. Haya. Mtu anakuchukulia ua wako, kisha anakuajiri uukandamize usipeperuke, na wewe unatakiwa ushukuru.

Kiroba kilichojaa kinabebwa na wawili, mmoja huku na mmoja huku. Aliyewapanga ni Kasian, msimamizi wa mafundi, mtu wa Mbinga, mpole, asiyejua lolote la watu wa pale. Aliwapanga kwa vimo. Dija akaangukia kwa Amal, na wanawake wengine wakatazamana, kwa maana kitongoji kizima kilijua kwamba Dija na Amal hawaamkiani.

Kisa ni kanga. Zamani kidogo, msimu ule Dija aliojifungua, upande mmoja wa doti yake ulipotea uani. Ilikuwa kanga ya nailoni, rahisi, nyekundu yenye mikorosho ya kijani, ile ambayo mtu akiivaa mchana wa jua inamwasha mwili mzima. Amal alikuwa jirani wa ukuta mmoja wa makuti, na jioni ile kuna aliyemwona karibu na kamba akianua nguo. Dija alipopata nguvu za kutoka ndani, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kisimani na kumwita Amal mwizi mbele ya watu. Amal, ambaye baba yake ni wa asili ya Oman na aliwahi kuwa na duka la vitambaa Bagamoyo mjini kabla duka halijafa, alimtazama akasema, "Kanga ya nailoni mimi ya nini?" Kwa jibu hilo mambo yakaharibika moja kwa moja. Upande uliobaki Dija aliendelea kuuvaa, na sasa alikuwa akijifunga kiunoni kazini, umepauka mpaka mikorosho yake imekuwa kama madoa.

Basi wakabeba viroba, siku baada ya siku, mmoja huku na mmoja huku, bila neno. Mtu asiyewajua angedhani ni mabubu.

Tumesema msimu aliojifungua, tukapita haraka, na watu wa Pembeni nao hupita haraka hapo. Mtoto hakulia. Dija alipoteza damu nyingi akazimia, na alipofumbua macho kila kitu kilikuwa kimeshafanywa. Kwao mtoto asiyelia haswaliwi wala hapelekwi makaburini. Wanawake wazima wa nyumba humfunga kitambaa, wakamzika palepale kiamboni, kimya kimya, bila matanga, bila mwanamume kuitwa. Na mama mtu haonyeshwi mahali. Wanasema akionyeshwa atahamia pale, atakaa pale asubuhi na jioni, na tumbo lake litafunga. Haambiwi hata alikuwa wa kiume au wa kike. Dija aliambiwa asilie, mtoto ambaye hakulia haliliwi, akatii. Ila kila alfajiri alimuuliza mkwewe, Bi Mina, swali lilelile: umemweka wapi? Bi Mina alivumilia wee, mwisho akachoka, akatupa kidevu kuelekea nyuma ya nyumba. "Huko, kwenye mhina. Sasa pumzika."

Tangu siku hiyo Dija akawa na mhina wake. Hakuhamia pale. Alikuwa akimwagia tu maji yanayobaki kwenye kata, asubuhi, akipita, kama mtu anayemwagilia mti. Na tumbo likafunga vilevile, uonyeshwe au usionyeshwe.

Kampuni ilipomtuma mtu kuhesabu makaburi yatakayohamishwa, mtu huyo aliita wanaume. Mikidadi, mume wa Dija, akaonyesha la babu, la nyanya, la shangazi. Hakuna aliyewauliza wanawake. Na wanawake, ambao kati yao pengine hakuna asiyekuwa na kitu chake kimelala nyuma ya jiko, hawakusema, maana hilo si jambo la kusemwa mbele ya wanaume wenye kofia za plastiki. Greda likaja, mhina ukang'oka. Dija alisimama akatazama. Alijiambia, hawachimbi, wanasawazisha tu, mtoto yuko chini zaidi. Alingoja aone kama atahisi kitu. Hakuhisi, akaenda kupika.

Ikafika asubuhi ambayo bwawa lililokalia nyumba ya Dija lilibakiza kipande kimoja tu kutandikwa, cha upande wa juu. Kabla laina haijalazwa lazima ardhi ikaguliwe, na Kasian kwa hilo alikuwa hana mchezo. Aliwapanga wanawake mstari mmoja, bega kwa bega, watembee wakiokota kila kijiwe na kila kijiti, kwa sababu kijiti kidogo chini ya plastiki, maji yakishakaa juu, kinakuwa mkuki. Wakatembea. Karibu na kona ya tuta mstari ukasimama. Pale chini, katikati ya udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu, palikuwa pamechipua vijani viwili vitatu vya mhina.

Kasian akaja akachuchumaa. "Huu ni mzizi, na mzizi wa namna hii unatoboa. Uchimbwe mpaka mwisho wake, kisha pashindiliwe upya." Akainuka akampa jembe aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni Dija.

Dija akalipokea. Akalishika tu.

"Vipi, dada Dija?"

"Hapa nina mtoto," Dija akasema. Alisema kama mtu anayesema nimesahau ndala zangu hapo.

Kasian akavua kofia, akaishika tumboni, akatazama vile vijani halafu akamtazama Dija. "Mtoto gani?"

"Wangu. Hakulia. Alizikwa chini ya mhina."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Hamkuniuliza."

Kasian akaipindua kofia mikononi. Alitazama kipande cha laina kilichokuwa kinangoja juu ya tuta. "Nisikilize, dada. Kesho kutwa mhandisi anakuja kukagua. Akiridhika tu, pampu inafunguliwa, maji ya bahari yanaingia, na yakishaingia hapa hakuna mtu atakayeyatoa, si leo wala wakati wa wajukuu zetu. Unataka nini?"

Dija akafikiri. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amuulize anataka nini, na jibu lilipokuja lilimshangaza yeye mwenyewe. "Nataka kumtoa. Nataka nimlaze juu kule, makaburini, na watu. Asilale chini ya maji ya chumvi peke yake."

Basi ndilo lililobaki kufanywa. Jembe likawekwa kando, zikaletwa sepetu ndogo za kusawazishia mchanga. Wanaume wakasogea mbali. Wanawake wakachimba kwa zamu, polepole, mchanga ukichambuliwa kwa vidole. Amal alichimba kuliko wote, hakuinua uso. Wakaufuata mzizi wa mhina ukashuka, ukapinda, ukawa mwembamba kama uzi, ukaisha. Chini ya mzizi palikuwa na udongo tu. Wakapanua shimo, huku, huku, mpaka mtu mzima angeweza kukaa ndani. Udongo tu.

Kasian aliitwa. Akaingia shimoni akapapasa ukuta wake. Alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa hakupenda kulisema, "Udongo huu haujawahi kuchimbwa, dada. Tazama tabaka zake. Zimelala kama Mungu alivyozilaza."

Maneno yakaanza, maneno hayahitaji kualikwa. Mmoja akasema masikini, akili imemruka. Mwingine akasema hana wazimu huyo, anatafuta fidia ya pili. Dija aliyasikia yote mawili. Alikaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani, akawa anapangusa udongo kwenye kifundo cha mguu na kanga yake ya kiunoni. Miaka yote ile alikuwa na mhina. Hakuwa na kaburi, hakuwa na jina, hakuwa na picha, alikuwa na mhina, na sasa hata huo ulikuwa si wake. Alijua kwamba hilo ni jambo la kuumiza. Alilijua kama anavyojua kwamba Chalinze ni mbali.

Akampigia Mikidadi, ambaye kazi yake ni kupakia na kupakua malori huko Chalinze.

"Mama alimweka wapi mtoto?" akamuuliza, bila salamu.

Kukawa na honi za malori. "Sijui, Dija. Wanaume hatuambiwi. Alizika mama mwenyewe."

"Kwenye mhina hayupo."

Honi tena. Mikidadi si mtu wa maneno. "Nitampitia Mapinga usiku huu," akasema. "Asubuhi tuko hapo."

Bi Mina alikuwa amehamia Mapinga kwa bintiye, kwenye kiwanja cha mjukuu wake. Asubuhi akateremshwa kwenye bodaboda na mwanawe, amevaa baibui la kutokea, mkoba kwapani kama anakwenda hospitali.

"Shikamoo, mama," Dija akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Kisha akapanda tuta, akatazama. Mbele yake palikuwa na weusi mtupu, umelala tambarare mpaka tuta la pili, unametameta jua la asubuhi. Upande wa juu peke yake ndio uliokuwa bado udongo, na shimo lake katikati. Bi Mina akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Nyumba iko wapi?"

"Ndiyo hapa, mama."

"Hapa wapi?"

Dija akaonyesha kwa mkono, lakini mkono wenyewe haukuwa na uhakika. Bi Mina alikuwa ameolewa kwenye kiambo kile akiwa mwari, amezaa pale, amefiwa pale, angeweza kutembea usiku wa kiza kutoka kitandani mpaka chooni bila kugusa ukuta. Sasa alizungukazunguka juu ya tuta kama mgeni anayetafuta kituo cha basi. Mwisho akakaa chini. "Siwezi," akasema. "Mahali ninapajua, lakini ninapajua kwa nyumba. Nilipima kwa mlango na kwa mafiga. Mmenifutia kila kitu, mnataka nikuonyesheni nini?"

Mikidadi alitazama ardhi. Kasian akatazama saa, kisha akaona aibu, akaificha mkononi mwa shati.

Ndipo Amal akasema, na hakumwambia Dija wala Bi Mina, alisema tu kwa yeyote anayesikia: "Mnazi ule nje ya tuta, greda halikuugusa. Ule ulikuwa kwenye kona ya ukuta wetu." Kisha akateremka bwawani, akavua ndala, akaenda kwenye rundo la viroba, akashika kimoja kwa upande mmoja. Akainua uso akangoja.

Dija akamfuata. Akashika upande wa pili.

Waliupata mstari wa ukuta wa makuti kwa kuangalia mnazi na kuhesabu kwa kumbukumbu ya miguu. Wakaweka kiroba, wakaweka kingine. Wenzao nao wakateremka. Pakawa ukuta wa mbele, pakawa kibaraza, pakaachwa nafasi ya mlango. Bi Mina mwanzoni alitazama tu, halafu akashindwa kujizuia. "Hapana, hapana. Chumba changu kilikuwa kikubwa kuliko hicho, mbona mnanibana? Na hicho choo kisogezeni, mnakiweka puani kwa watu." Wanawake wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Viroba vikasogezwa. Ujia ukapita katikati, chumba huku na chumba huku, kisha ua, kisha jiko upande wa machweo. Ilipokwisha ilikuwa nyumba kamili, ya kimo cha kifundo cha mguu, imesimama juu ya plastiki nyeusi.

Bi Mina akainuka. Akavua viatu ukingoni, jambo lililompendeza Kasian, maana visigino vya viatu vile angevijutia. Akaja mpaka penye nafasi ya mlango akasimama.

"Hodi," akasema. Lilimtoka kwa mazoea.

Dija alikuwa ndani, kwenye ujia. "Karibu, mama."

Bi Mina akaingia. Hakukanyaga ukuta hata mmoja. Akapita ujia, akatokea uani, akainamisha kichwa mahali ambapo zamani palikuwa na boriti fupi, akaingia jikoni. Akanyoosha mkono kushoto pasipo na kitu, kisha akateremsha macho.

"Hapa," akasema. "Chini ya mtungi."

Dija akamtazama. "Uliniambia kwenye mhina."

"Ulikuwa huachi kuuliza. Kila alfajiri, umemweka wapi, umemweka wapi, mpaka nikaona utaniulia mwanangu kwa huzuni, na wewe mwenyewe ufe. Desturi inasema usionyeshwe. Nikakupa mhina." Bi Mina alikuwa akizungumza na ile plastiki. "Kule nyuma mbwa wanapita na mvua inakokota udongo. Nani angemweka mtoto kule? Nilimweka hapa penye ubaridi, ndani. Na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza jikoni kila siku, kabla hata sijaamka. Nilisema, basi, wataamkiana."

Hapo Dija akaelewa, na alielewa taratibu, kitu kimoja baada ya kingine. Kila alfajiri ya miaka ile alikuja hapa, akapiga goti hapa, akachota maji kwenye mtungi. Halafu aliinuka, akaondoka kwa mtoto wake, akayabeba maji yaliyobaki mpaka nyuma ya nyumba, akaumwagia mti. Kila siku.

Kasian alikuwa amepiga magoti pembeni, anatembeza kidole kwenye mshono uliopita hatua mbili kutoka pale. Mshono huo ulichomelewa mapema wiki hiyo, akausukumia hewa mwenyewe kuupima, akaona hauna tundu. "Katika kila bwawa," akasema, "lazima nikate kipande cha mshono, nikakivute kwenye mashine nione nguvu yake, kisha naziba kwa kiraka. La hili bado sijakata. Nitakata hapa. Nitakata kikubwa."

"Mhandisi akikuuliza?" Mikidadi akasema.

"Nitamwambia kilichokuwepo."

Akatoa kisu chake cha ndoano, akakata, laina ikatoa mlio wa zipu. Akafungua kama mlango, akawaonyesha udongo, kisha akafunga kisu, akawachukua mafundi wake wote na Mikidadi, wakapanda juu ya tuta na kuwapa migongo. Baada ya kitambo kidogo Mikidadi akaazima jembe, akapanda kwenda makaburini kuchimba.

Bi Mina alichimba kwa mikono. Hakutaka kusaidiwa. Dija alipiga goti upande wake, na Amal alikamata lile pindo la laina lisirudi. Chini ya ganda la juu lililoshindiliwa, udongo wa pale ulikuwa mweusi zaidi, laini, umechanganyika na majivu na vigae vya mtungi. Bi Mina akaenda chini kiasi cha kiwiko. Halafu akaacha kuchimba, akaanza kufagia kwa ncha za vidole.

Cha kwanza kuonekana kilikuwa chekundu.

Nailoni haiozi. Kila mtu anayefanya kazi ya laina anajua hilo, ndiyo sababu ya kutandikwa kwake. Kitambaa kilitoka kimekunjamana, kimeshikamana na udongo, kimefungwa mafundo mawili, na ndani yake palikuwa na uzito mdogo sana, wa kitu ambacho hakuna haja ya kukieleza. Lakini wekundu wake ulikuwa wekundu wa dukani, na mikorosho yake ilikuwa ya kijani kabisa, haijapigwa na jua hata siku moja.

Dija alikitazama. Kisha akatazama kiunoni mwake. Akafungua fundo la kanga aliyojifunga, akaitandaza kando ya kile kitambaa, pindo kwa pindo.

"Kumbe haikuibiwa," akasema.

"Ndiyo iliyokuwa karibu," Bi Mina akasema. "Ilikuwa kambani. Amal ndiye aliyeniletea, nilimwomba kitambaa nikiwa uani na mtoto mikononi. Nikamwapisha asikuambie."

Amal alikuwa bado ameshika pindo la laina kwa mikono miwili. Alikuwa ametazama kando, kuelekea mnazi wao.

Dija akamgeukia. Alikumbuka kisimani, ndoo, nyuso za watu. Alikumbuka alivyosema neno mwizi mara ya kwanza na alivyolirudia. "Ulijua," akasema. "Nikakutukana mbele ya watu wote, na ulijua."

"Niliapa," Amal akasema. "Ningekwambia nini? Kwamba kanga yako ameivaa nani?"

Upepo ukaanza kupiga, viroba vya chumbani kwa Bi Mina vikasogea kidogo. Dija akamuuliza mkwewe swali lililobaki. "Alikuwa nani?"

Safari hii Bi Mina hakutupa kidevu popote. "Msichana. Ana nywele nyingi, zimemjaa mpaka shingoni."

Dija akaitikia kwa kichwa. Akaitandika vizuri ile kanga yake iliyopauka, akaupokea ule mzigo mwekundu kutoka mikononi mwa Bi Mina, akaulaza katikati, akaufunika kwa pande zote mbili. Doti ikatimia. Akakunja ncha ya upande wake akaishika. Upande wa pili ulibaki chini, na hakumwita mtu. Amal akaachia laina, akaja, akaushika.

Wakainua pamoja kama walivyozoea, mmoja huku na mmoja huku, ijapokuwa mzigo wenyewe ungebebwa kwa kiganja. Wakatoka jikoni, wakapita uani, wakashika ujia, wakatokea mlango wa mbele. Nyuma yao Kasian aliteremka na kiraka chake na kipuliza moto, akaanza kuziba. Juu ya mwinuko Mikidadi alikuwa ameshachimba kaburi mpaka magotini.

Katikati ya tuta Dija akasimama. Kitu kilikuwa kinaanza kwenye vidole vyake, kinapanda mikononi, kinaingia kifuani, kama mguu uliokufa ganzi damu inaporudi, na kila aliyewahi kukaliwa mguu anajua kwamba maumivu huwa ni hapo, si kabla.

"Amal," akasema, na sauti ilikuwa imeshakatika. "Inauma."

"Najua," Amal akasema. "Shika vizuri upande wako, twende."